MHARIRI WA KUKODI: KALAMU NI YAKE, NENO NI LENU



Somo letu la leo linahusu jambo ambalo vikundi vingi hulikumbuka mwishoni kabisa, wakati pesa zinakaribia kwisha na tarehe ya kupeleka karatasi ni kesho kutwa. Jambo lenyewe ni kumtafuta mtu wa kutusahihishia maandishi yetu na kumlipa. Inaweza kuwa ombi la mradi (proposali, kama wengi wetu tunavyoiita), katiba ya kikundi, ripoti ya mwaka, au kitabu cha jubilei ya parokia. Mtu huyo huitwa mhariri. Kama hakuajiriwa na kampuni, bali anachukua kazi moja moja kutoka kwa watu mbalimbali, huitwa mhariri wa kujitegemea.

Tuanze na kisa. Si cha kubuni, na sisi wenyewe tumo ndani yake.

KISA CHA AKINA MAMA NA MBUZI

Kikundi kimoja cha akina mama 28 kilitaka kuanza mradi wa mbuzi wa maziwa. Walikutana jioni kwa wiki kadhaa, wakaandika ombi lao katika daftari la shule. Mambo yote muhimu yalikuwemo: idadi ya mabanda, nani atakata majani, maziwa yatauzwa wapi. Wakatuletea daftari ofisini. Tulisoma tukaona mpango ni mzuri lakini lugha inajikwaa. Tukawaambia, "Kuna bwana mmoja mjini anayesahihisha maandishi. Mpelekeeni."

Basi, tuliishia hapo. Hatukuuliza bwana huyo alishamfanyia nani kazi. Hatukuwashauri akina mama waandikiane naye chochote. Baada ya siku nne ombi lilirudi limepigwa chapa, kurasa sita, safi kama shuka ya altare. Mwenyekiti akatia sahihi. Wengine walilishika, wakalitazama, wakalirudisha mezani. Nani atasoma kurasa sita wakati ng'ombe hajakamuliwa?

Miezi miwili baadaye wageni wa shirika lililoombwa msaada walikuja kuwatembelea. Mmoja akamwuliza mama mweka hazina, "Yale mafunzo ya kutunza mbuzi mlifanyia wapi?" Mama akajibu kwa moyo mweupe, "Mafunzo gani? Sisi bado hatujafunzwa." Mgeni akafungua karatasi zake akasoma mahali palipoandikwa kwamba wanachama wote 28 wamefunzwa.

Tulipolitazama lile daftari la shule, tuliona neno waliloandika akina mama. Ni "watafunzwa." Silabi moja tu ilibadilika, -ta- ikawa -me-. Tulipomwendea yule bwana, hakukana. Alisema sentensi zilizoitangulia hiyo zilieleza kazi zilizokwisha kufanyika, naye akailinganisha na wenzake ili isomeke vizuri. Hakuwa na nia mbaya. Lakini wageni hawakuwa na njia ya kujua nia yake. Wao walichoona ni kikundi kilichotia sahihi chini ya uwongo. Ombi likakataliwa, na pesa zile zikaenda kwingine. Lililouma zaidi ni maneno ya sokoni, kwamba akina mama wa kanisa walitaka kula pesa za wafadhili.

Tunasimulia haya kwa sababu kosa lilikuwa letu pia. Sisi ndio tuliowaelekeza, halafu tukawaacha njiani. Na somo tulilopata ni hili: mhariri husaidia maneno, lakini ukweli wa maneno hayo unabaki mikononi mwa anayetia sahihi.

JE, KUNA HAJA YA MHARIRI?

Baada ya kisa hicho, wengine walisema afadhali kila kikundi kijiandikie chenyewe. Hatukubaliani nao. Mwenye kuandika hazoei kuona makosa yake. Anasoma alichokusudia kuandika, si kilichoandikwa. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

Tuliwahi kusoma rasimu ya katiba ya kikundi iliyosema kwamba mwanachama asiyelipa ada kwa miezi mitatu "hatakuwa na haki ya kula." Walitaka kuandika "kura." Mkutano mzima ulicheka, wakauliza kama mtu atanyimwa hata chai. Lakini katiba ni karatasi ya kwenda nayo kwenye usajili, na tangu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 hatuwezi kuichukulia kwa mzaha. Wengi wetu huchanganya r na l kwa sababu ya lugha zetu za nyumbani. Mahali pakawa mahari, kura ikawa kula. Kompyuta haitakusaidia hapo, maana "kula" ni neno halali na haitaliwekea alama nyekundu. Anayeweza kulikamata ni binadamu anayefikiria maana.

Siku hizi pia kuna programu za akili bandia zinazonyoosha sentensi kwa dakika moja. Zinafaa kwa mambo madogo. Lakini nazo zinaweza kufanya lile lile alilofanya bwana wetu: kulainisha sentensi na kugeuza maana, au kuongeza jambo ambalo hukulisema. Ukizitumia, zichunguze vilevile.

HATUA YA KWANZA: JUENI MNATAKA KAZI GANI

Watu husema tu "turekebishie." Neno hilo ni pana mno. Kuna kazi za aina tatu, na bei zake si sawa.

1. Kupanga upya maandishi. Hapa mhariri anatazama jengo zima. Je, shida imeelezwa kabla ya dawa yake? Je, bajeti inalingana na kazi zilizotajwa? Je, sura ya tano ya kitabu ingefaa kuwa ya kwanza? Hii ni kazi ndefu na ya gharama.

2. Kunyoosha lugha. Jengo linabaki lilivyo. Mhariri anarekebisha sentensi, upatanisho wa maneno, tahajia, na maneno yanayorudiwa bure. Pia anahakikisha kwamba mkiandika "mwenyekiti" ukurasa wa kwanza, hamwandiki "mkuu wa kikundi" ukurasa wa nne.

3. Kusoma prufu. Hii ndiyo kazi ya mwisho, maandishi yakishapangwa kwa ajili ya chapa. Msomaji anatafuta herufi zilizoanguka, namba za kurasa zilizokosewa, picha iliyowekwa mahali pasipo pake. Hatua hii si ya kuandika upya.

Ukimlipa mtu wa prufu ukitegemea apange kitabu, utalia. Ukimlipa wa kupanga wakati unahitaji prufu tu, utatoa pesa bure. Kwa hiyo kaeni kwanza, andikeni kwa sentensi mbili kile mnachotaka. Na mhariri si wakili wala mhasibu. Katiba yenye mgogoro wa ardhi ionwe na wakili, na hesabu zikaguliwe na mwenye ujuzi wa hesabu.

HATUA YA PILI: JARIBUNI KABLA YA KUKODI

Mnampata wapi? Anzeni na watu mnaowajua: walimu wa Kiswahili na Kiingereza, waliostaafu kazi ya magazeti au uchapishaji, vikundi vilivyokwisha kuchapa vitabu vyao. Ila msidhani kila mwalimu mzuri ni mhariri. Kutoa alama ni kazi moja, na kurekebisha bila kuharibu sauti ya mwenyewe ni nyingine.

Ulizeni maswali haya bila haya. Kuuliza si ujinga.

- Umewahi kufanya kazi kama hii? Tunaweza kuiona, na kuongea na mwenye kazi?
- Unatumia kamusi gani? Kwa Kiswahili, mtu wa kazi hii awe angalau na Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1981 na kurekebishwa baadaye, au nyingine ya daraja lake.
- Ukikutana na jambo usilolielewa, unafanyaje?

Swali la mwisho ndilo kubwa. Jibu zuri ni, "Naweka alama pembeni na kuwauliza." Akisema, "Mimi narekebisha tu, msiwe na wasiwasi," hapo ndipo wasiwasi uanze.

Kisha mpeni ukurasa mmoja wa majaribio. Kama ana kazi nyingi anaweza kudai malipo kidogo kwa ukurasa huo, na ni haki yake. Chagueni ukurasa wenye tarakimu, majina ya watu, na mambo ya wakati ujao. Akiurudisha, tazameni vitu viwili: kosa aliloliacha, na maana aliyoigeuza. Kosa lililoachwa linasameheka likiwa moja. Maana iliyogeuzwa bila kuulizwa ni ishara mbaya.

HATUA YA TATU: ANDIKENI MAPATANO

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mapatano yanaweza kuwa ukurasa mmoja tu, wenye sahihi za pande mbili. Yataje haya:

a) Kazi ni ipi kati ya zile tatu, na maandishi yana maneno mangapi.

b) Itaisha lini, na mhariri atayapitia mara ngapi. Mara nyingi mara mbili zinatosha: mara ya kwanza anarekebisha na kuuliza, mara ya pili anaingiza majibu yenu.

c) Mabadiliko yote yaonekane. Kwenye karatasi, atumie kalamu nyekundu. Kwenye kompyuta, awashe ile sehemu inayoonyesha kilichofutwa na kilichoongezwa. Kama akina mama wetu wangeona neno "watafunzwa" limekatwa kwa mstari mwekundu, kisa chetu kisingekuwepo.

d) Asiguse tarakimu, majina, tarehe wala ahadi bila kuuliza.

e) Siri. Orodha ya wanachama yenye namba za vitambulisho na simu, au habari za ugonjwa wa mtu, isipelekwe kwa mhariri kama haihitajiki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatudai tuwe waangalifu na habari za watu, hata sisi wa vikundi vidogo.

f) Haki ya maandishi ni ya kikundi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda kazi zilizoandikwa, lakini maneno machache katika mapatano huzuia ugomvi wa kesho. Andikeni pia kama jina la mhariri litatajwa kitabuni. Kumshukuru ni jambo la heshima.

g) Malipo ni kiasi gani, na yatatolewa vipi.

TUHESABU KIDOGO

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anatukumbusha habari za mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza hukaa na kuhesabu gharama. Tufanye hivyo.

Wahariri hutoza kwa neno, kwa ukurasa, kwa saa, au kwa kazi nzima. Bei ya ukurasa ndiyo inayowachanganya wengi, maana "ukurasa" ni wa nani? Wahariri wengi huhesabu maneno 250 kuwa ukurasa mmoja, kwa desturi ya karatasi zilizopigwa chapa kwa mistari iliyoachana. Lakini karatasi yenu, mistari ikibanana, inaweza kubeba maneno 500.

Tuseme kitabu chenu kina maneno 12,000, na mmekubaliana shilingi 100 kwa ukurasa. (Huu ni mfano wa hesabu tu, si bei ya soko.) Kwa hesabu yenu ya maneno 500, kurasa ni 24, na malipo ni shilingi 2,400. Kwa hesabu ya mhariri ya maneno 250, kurasa ni 48, na malipo ni shilingi 4,800. Kila mmoja anaamini anaibiwa, na wote wawili ni waaminifu! Dawa yake ni rahisi: hesabuni maneno, au andikeni kwenye mapatano ukurasa mmoja ni maneno mangapi.

Msilipe yote mwanzoni, wala msisubiri mpaka mwisho kabisa. Gawanyeni mara tatu: sehemu moja kazi ikianza, ya pili akirudisha masahihisho ya kwanza, ya tatu kazi ikiisha. Mkilipa kwa simu, tunzeni ujumbe wa malipo na kuuandika kwenye daftari la mweka hazina. Mkilipa taslimu, dai risiti.

Nasi tuwe wenye haki. Mafundisho ya Kanisa kuhusu ujira wa haki, tangu barua ya Papa Leo wa 13 ya mwaka 1891, hayaishii kwa vibarua wa shamba na viwanda. Kijana anayekesha akisoma maandishi yako naye ni mfanyakazi. Tumesikia vikundi vikisema, "Ni kazi ya Mungu, utufanyie bure." Akipenda kujitolea, asante. Asipopenda, alipwe, tena kwa wakati.

HATUA YA NNE: SOMENI KWA SAUTI

Hatua hii haigharimu kitu, na ndiyo inayorukwa zaidi. Kazi ikirudi, wanachama waketi. Mmoja ashike maandishi ya kwanza, mwingine asome mapya kwa sauti, polepole. Kila penye tarakimu, jina au ahadi, simameni muulizane: "Hili tulilisema? Ni kweli?" Mama asiyejua kusoma naye asikilize, maana yeye anajua idadi ya mabanda kuliko sisi tunaojua herufi.

Wale akina mama waliandika ombi jingine mwaka uliofuata. Walimlipa mhariri mwingine, kwa mapatano ya ukurasa mmoja. Karatasi ziliporudi, mwenyekiti alikuwa na haraka, maana gari la kwenda mjini lilikuwa likipiga honi barabarani. Mama mweka hazina akaziweka karatasi magotini akasema, "Liende hilo gari. Safari hii sitii sahihi mpaka nisikie lote." Wakasoma hadi giza likaingia. Walikuta makosa mawili, moja la mhariri na moja lao wenyewe: walikuwa wamehesabu banda moja mara mbili.

NENO KWA WANAOANDIKA VITABU

Parokia nyingi hutoa kitabu zinapofikisha miaka 50 au 75. Hapo kuna mambo ya nyongeza.

Kwanza, wazee husimulia kwa namna yao. Mzee akisema "tulibeba mawe kwa vichwa mpaka nywele zikatoka," mhariri asiifanye "waumini walishiriki katika ujenzi." Asahihishe tahajia, aache mawe na nywele. Majina ya vijiji na maneno ya lugha ya nyumbani yaulizwe kwa wenyewe.

Pili, mhariri si badala ya Kanisa. Kwa Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 826 na 827, vitabu vya sala na katekisimu vinahitaji ruhusa ya mamlaka ya Kanisa kabla ya kutolewa. Kama kitabu chenu kina sala, novena au mafundisho, mwoneni Paroko mapema awaelekeze jimboni, si baada ya kuchapa nakala elfu.

Tatu, mkitaka kitabu kiuzwe madukani na kuingia maktabani, ombeni namba ya ISBN. Hapa Kenya inatolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa, KNLS. Namba hiyo ikae tayari kabla ya prufu ya mwisho, ili nayo isomwe na kuhakikiwa.

TUMALIZIE

Mwishoni mwa Waraka kwa Warumi, sura ya 16, yuko mtu anayejitokeza katika mstari mmoja tu. Anaitwa Tertio, naye anajitaja kuwa ndiye aliyeuandika waraka ule kwa mkono wake na kuwasalimu wasomaji. Halafu hatumsikii tena. Mkono ulikuwa wa Tertio, lakini waraka ni wa Paulo, na Paulo ndiye aliyeubebea mashaka yake. Mhariri mwema ni kama Tertio. Na kikundi kinachomkodi kisisahau kwamba chenyewe ndicho Paulo: atakayeulizwa siku wageni watakapofika ni yule aliyetia sahihi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI AU JUMUIYA

1. Katika kisa cha akina mama, nani alikosea: mhariri, mwenyekiti, wanachama, au ofisi iliyowaelekeza? Kila mmoja angefanya nini?
2. Chukueni karatasi moja ya kikundi chenu (katiba, barua au ripoti). Isomeni kwa sauti. Mmeona makosa gani ya lugha? Na je, kuna jambo ambalo si kweli tena?
3. Kama mngetaka mhariri mwezi ujao, mngehitaji kazi ipi kati ya zile tatu? Kwa nini?
4. Andikeni mapatano ya ukurasa mmoja kwa kufuata herufi a hadi g. Mweka hazina ayatunze pamoja na daftari la pesa.